Bustani Juu ya Shimo

Mtaa mzima ulimwita Mama Maua, na yeye aliitika, lakini maua hayakuwa ugonjwa wake. Ugonjwa wake ulikuwa hofu. Mimi ni msusi, nasukia watu barazani kwangu, na ua wangu na wake umetenganishwa na uzio wa mabati tu. Tumepakana tangu sote tungali wake wapya, na kwa miaka yote hiyo mikono yangu ilikuwa kwenye vichwa vya watu na jicho langu kwenye ua wake. Bado sikujua. Mnaosema mnawajua majirani zenu, endeleeni kujifurahisha.

Ilianza na mumewe. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mpole, mzito wa kusema, mtu ambaye ukimwuliza habari za kazi anakujibu kesho. Kaka yake mkubwa alikuwa na kiwanja chenye nyumba kuukuu, akampa akae na mkewe. Walipohamia, mwanamke ana mimba kubwa na uani nyasi zimefika kiunoni, wala hakuhangaika kutoka nje. Muda si mrefu safari ya kwenda kujifungulia kwa mama yake ikafika.

Siku ya kuondoka, mume amebeba begi mkono huu na kikapu mkono ule, akasimama kwenye mlango wa jikoni na kumwambia jambo ambalo mtu mwingine angelisema siku ya kwanza. Waliokaa nyumba ile zamani walikuwa na choo cha shimo uani. Choo kilibomolewa lakini shimo lilibaki, tena refu. Yeye alikuwa amelifunika kwa mlango wa chuma alioutoa karakana, akamwaga udongo juu, na akipata nafasi atalifukua alijaze kifusi.

"Liko pale kwenye mpapai," akasema. "Ukirudi na mtoto, asicheze pale."

Kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa, alionyesha kwa kidevu. Mkewe akatazama, akaona majani ya mpapai yametokeza juu ya nyasi, akasema sawa. Basi lilikuwa linasubiri.

Uzazi ulimtesa, akakaa kwa mama yake zaidi ya mwaka. Huko ndiko alikopata habari kwamba umeme umempiga mumewe kazini na hakuamka. Alirudi na mtoto wa kike mgongoni, akakuta waombolezaji wameshafyeka ua mzima ili watu wapate pa kukaa. Mpapai ulikuwa umesimama karibu na uzio wangu, umezaa. Na chini yake, juu ya lile shimo, watu wamejikalia kwenye viti wanaongea. Aliniambia baadaye kwamba siku ile hakuweza kulia vizuri. Kila mtu aliyesogeza kiti alimtoa roho.

Angesema, mambo yangeisha palepale. Lakini mazishi yalipopita, shemeji yake alimwita akamweleza msimamo wake. Nyumba ni ya mtoto wa marehemu, kaeni. Ila siku atakayoona hapafai kulea mtoto, atauza kiwanja na kila mtu arudi kwao. Yule bwana hakuwa na ubaya, alikuwa na mdomo mkubwa na tumbo la kulingana nao. Lakini mwanamke aliyasikia maneno yale akiwa na shimo moyoni. Akaona kwamba akilitaja tu, yeye na mwanawe wako barabarani, na kwao alikotoka hapakuwa na nafasi hata ya kutandika mkeka. Akafunga mdomo. Alipoufunga, hakujua tena namna ya kuufungua.

Mtoto akaanza kutambaa.

Hapo ndipo bustani ilipozaliwa. Mwenzangu alikuwa amepata kazi ya udobi hospitalini, kufua na kupiga pasi mashuka, na ukingoni mwa njia za hospitali kulikuwa na yale maua mafupi ya miiba, mekundu, ambayo hata mbuzi huyapita kando. Alikata vijiti, akavifunga kwenye kitambaa kibichi, akaja navyo. Akavipanda kuuzunguka mpapai mduara mzima. Mimi nilimcheka nikiwa upande wangu wa uzio, nikamwuliza kama hospitali nzima amekosa ua zuri mpaka akaleta misumari. Alitabasamu akaendelea kupanda. Nilidhani ana haya, kumbe meno yalikuwa yanagongana.

Msimu uliofuata aliongeza safu ya pili. Halafu bogenvilia, nayo ina miiba yake. Mpaka mtoto anaanza kukimbia, pale kwenye mpapai palikuwa pamefungwa barabara na mtu mzima asingepita bila kuchanika.

Lakini hofu haikai mahali pamoja. Alisikia huko kazini mgonjwa mmoja akisimulia jinsi shimo la kwao lilivyokuwa likijila pembeni, mvua baada ya mvua, mpaka likafika ukutani. Tangu siku hiyo kila masika bustani ilipanuka. Akaleta mawaridi, akaleta asumini, akaleta haibiskasi za njano na zile nyekundu zenye ulimi mrefu, akapanda na yale maua ya majani mapana yanayopenda maji machafu. Watu wakajua anapenda maua, wakawa wanamletea. Mteja wangu mmoja alitoka mbali na kijiti cha waridi jeupe kwenye mkoba, akakipokeza kwa mikono miwili. Mama Maua alikipokea, akashukuru, na kwenda kukipanda mahali ambapo asubuhi ile alidhani udongo umelegea.

Sasa nikikumbuka namna alivyokuwa akifanya kazi, najiona mjinga wa mwisho. Hakuwahi kupanda akiwa amesimama ardhini. Alilaza ubao mrefu juu ya matuta, akatambaa juu yake kwa magoti na kupanda akiwa amepiga magoti, akisogea taratibu. Sisi tukasema ana magoti mabovu. Kiunoni alijifunga kamba, na ncha ya pili aliifunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Alipoulizwa alisema ana kizunguzungu. Mimi nikambandika jina la mbuzi wa maua, nikalitangaza barazani, wateja wangu wakacheka mpaka misuko ikaharibika. Alikuwa amejifunga kamba ili akitumbukia apatikane.

Hakumwagilia kwa mpira wa maji hata siku moja. Alitoboa kopo matundu madogo, akawa ananyunyiza kidogokidogo, maana maji mengi yangelainisha udongo. Hakupanda mti wowote, mizizi ingefukua. Mpapai wenyewe ulipozeeka na kufa hakuung'oa, aliukata shina usawa wa ardhi, akaotesha mawaridi pale pale ili asisahau mahali. Kila asubuhi baada ya mvua alitoka na fimbo ya kukorogea nguo, akagonga ardhi ukingoni mwa maua, ameinamisha sikio, uso umemkauka. Niliwahi kumwuliza anatafuta nini akasema konokono.

Katika ua wote ule aliacha njia moja tu. Ilianzia mlango wa jikoni ikaambaa na ukuta wa nyumba hadi bafuni, kule mwisho. Njia hiyo aliifagia kila siku mpaka ikawa ngumu na inang'aa. Ilikuwa mbali kabisa na shina la mpapai, na ndiyo sehemu pekee duniani ambayo yule mwanamke aliiamini. Mtoto alicheza hapo, alikula hapo, alioga hapo kwenye beseni karibu na ukuta wa bafu. Shemeji yake alipokuja kuwasalimu, na alikuja kila baada ya muda kukagua kama panafaa, alitengewa kiti hapo hapo penye baridi. Bwana anashusha uzito wake kwenye kiti, anayasifia maua, anasema marehemu angefurahi. Mama Maua alikuwa akisimama mlangoni jasho jembamba linamtoka, akiomba Mungu mgeni asiinuke kwenda kunusa waridi. Akishaondoka salama, alijifungia ndani na kutapika.

Mara moja tu binti yake aliingia mauani. Alikuwa bado hajaanza shule, mpira wake ulidondoka katikati akaufuata, akapenya kwenye miiba kwa vile watoto hupenya popote. Mimi nilikuwa naona kutoka kwangu. Mama alitoka jikoni, akamwona mtoto amesimama penye mawaridi, na sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia kwa mtu. Hakuingia mwenyewe. Alijilaza kifudifudi juu ya ubao, akasogea, akamkamata mguu, akamburuta. Walipofika kwenye njia akavua ndala akamchapa, akamchapa tena, mpaka nikaruka uzio kumnyang'anya. Alikuwa anatetemeka kuliko mtoto.

"Usikanyage maua yangu," alikuwa anasema. "Nikikuona tena mle, sikuachi."

Nilimsema vibaya siku ile. Nilimwambia mtu anayependa maua kuliko mwanawe ana walakini kichwani. Ndani ya wiki ile bustani ilisogea hatua nyingine kuelekea uzio wangu, na yule mtoto hakuingia tena mauani. Aliingia shule, akavunja ungo, akamaliza masomo, akipita kwenye njia ile ameshika sketi isiguse hata jani.

Miaka ikaenda. Shemeji mtu akafariki kwa maradhi yake, hati ya kiwanja ikaandikwa jina la binti, na sababu ya kunyamaza ikawa imezikwa. Lakini hakusema. Nilipomwuliza baadaye kwa nini, alisema alijaribu, na kila alipofungua kinywa aliona binti yake akimwuliza jinsi alivyothubutu kumlea juu ya shimo. Hilo aliliogopa kuliko shimo lenyewe. Akastaafu udobi akabaki na maua yake. Watu waliomba kupiga picha, akawaruhusu wapigie mlangoni. Walitoka wakisema yule bibi ana roho nzuri lakini ana wivu na bustani yake.

Sasa ndiyo siku ya tangi.

Binti alikuwa amepata kazi kwenye duka la simu, akarudi kukaa na mama yake. Maji mtaani kwetu yana tabia ya kupotea bila kuaga, na yeye alichoka kubeba ndoo. Akanunua tangi la plastiki, jeusi, kubwa hasa. Alitaka liwekwe upande wa uzio wangu ambako bomba lilikuwa karibu, avikate tu vichaka viwili vya waridi. Mama yake alikataa. Binti akaeleza, mama akakataa. Binti akapandisha sauti kidogo, mama akakaa chini sakafuni jikoni akalia. Basi binti akasalimu amri. Mafundi walipanga matofali kwenye ile njia, karibu na bafu, mahali pagumu alipopachagua mama mwenyewe, wakaliweka tangi juu yake, wakaunga mpira wa maji, wakaenda zao.

Mimi niliitwa kuja kulisifia. Nilimkuta Mama Maua amesimama mlango wa jikoni, macho mekundu. Tangi lilikuwa linajaa. Binti alikuwa upande wa pili wa tangi, ameshika mpira. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa bafu, mkono mmoja ukuta wa nyumba, mkono wa pili maua yameshonana mpaka kifuani. Tuliona kichwa chake tu na mkono. Alinipungia.

Mdomo wangu hauna breki, nikaanza kumsuta mwenzangu kwa sauti ya chini. Nikamwambia mtoto kamnunulia tangi na yeye anamlilia kwa ajili ya waridi, ndiyo mambo gani hayo. Akanigeukia. Nadhani alikuwa amechoka. Nadhani hata aliyezoea kubeba, kuna siku mikono humgoma yenyewe.

"Siyo waridi," akasema. "Pale chini kuna shimo la choo."

Akanieleza yote palepale mlangoni, haraka haraka, kwa sauti ndogo kama mtu anayesoma. Mumewe, begi, kikapu, mlango wa chuma, mpapai. Nikayatazama yale maua yaliyonipendezea ua miaka yote nikaona kaburi limepambwa. Nikamshika mkono.

Halafu likanijia swali, na sikulipima kabla ya kulitoa.

"Mpapai upi?"

"Si ule wa pale kwenye uzio wako."

"Ule ulijiotea baadaye, wewe ukiwa kwa mama yako," nikasema. "Mpapai aliokuonyesha mumeo uling'oka na upepo masika yale. Yeye mwenyewe aliukata vipande nikamsaidia kuutoa. Ulikuwa huku kwenye ukuta, karibu na..."

Sikumalizia. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono, na mkono wangu ulikuwa unaonyesha tangi.

Nilimwona akielewa. Uso ulimwisha damu. Aliutazama ule udongo mgumu alioufagia maisha yake yote, akayatazama matofali, akatazama maji yanavyopanda ndani ya tangi. Tofali moja la upande wa bafu lilikuwa limezama. Kidogo tu, nusu ya unene wake. Tangi lilikuwa limeinama kuelekea kwa binti, na binti alikuwa amelishika kwa kiganja akidhani mafundi hawakupanga vizuri.

"Mwanangu," Mama Maua akaita taratibu. "Acha mpira. Pita kwenye maua uje."

"Nipite wapi?"

"Kwenye maua. Hapo ulipo, ingia, uje."

Binti akacheka. Akayatazama maua, akamtazama mama yake, na kile kicheko kikamkauka. Nikaona mguu wake ukiinuka, ukafika kwenye shina la kwanza, ukarudi. Mtu mzima, mfanyakazi, hati ya nyumba ina jina lake. Mwili wake haukutaka.

"Napita huku tu, mama," akasema, akaanza kujibana kati ya tangi na ukuta.

Ardhi ikatoa sauti. Si kubwa, kama bati linapopigwa na jua.

Mama Maua aliingia mauani. Bila ubao, bila kamba, bila viatu. Alipita katikati ya miiba yake mwenyewe, akakanyaga mawaridi, akavunja haibiskasi kwa kifua, na kila hatua niliona anavyoiweka, maana miguu yake ilikuwa haijui bado kwamba pale ndipo palipokuwa salama. Maisha yake yote aliamini akisimama pale atazama. Alisimama. Akanyoosha mikono juu ya maua, akamshika binti nguo ya begani, akavuta kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Wote wawili wakaangukia ndani ya bogenvilia.

Tangi likashuka. Halikuanguka upande, lilishuka wima, kama mtu anayekaa kitini, hadi mfuniko ukawa usawa wa ardhi. Kisha ardhi iliyobaki ikalifuata pamoja na kipande cha sakafu ya bafu. Harufu ikapanda. Mpira wa maji uliendelea kumimina ndani ya giza lile, na tulisikia maji yakichelewa kufika chini. Pembeni mwa shimo kilichomoza kipande cha chuma cha mlango, chekundu kwa kutu, chembamba kiasi cha kuona mwanga kupitia matundu yake.

Nilikaa kwenye kizingiti. Nilikuwa naliona beseni. Nilikuwa namwona shemeji mtu na tumbo lake. Naye alikuwa anaona hayo hayo, kwa sababu alikuwa ameketi ndani ya maua, damu zinamtiririka mikononi, akilitazama shimo na kusema kwa sauti ile ile ndogo, "Nilimwogeshea pale. Kila siku nilimwogeshea pale."

Binti hakumsikia. Alikuwa ameinuka kwanza, nywele zimejaa petali, anahema. Akatazama chini ya miguu yake. Waridi jeupe lilikuwa limelala chini ya kandambili yake, limepondeka. Akaunyanyua mguu ule haraka, akatafuta pa kuuweka asiumize kitu kingine, akakosa, akabaki amesimama kwa mguu mmoja akiyumba hatua chache tu kutoka kwenye mdomo wa shimo.

"Samahani mama," akasema. "Nimeyakanyaga."

Na mkono wake ulikuwa umeshainuka kuukinga uso.

Mama Maua aliutazama ule mkono, na hapo ndipo alipoanza kulia.